Mgonjwa hayuko kwenye mstari

Mdogo wangu amemaliza ISTM, chuo cha mafunzo ya tiba hapa Bukavu, na amepata kazi kwenye dispansari ya gereza. Juzi alinipigia akiuliza abebe nini. Tochi, nikamwambia. Na betri ajinunulie.

Mwaka wangu wa kwanza wa kutibu gerezani nilikuwa nakaa mezani, wagonjwa wanaletwa. Anayeamua nani aletwe ni kapita, mfungwa anayesimamia wenzake. Ilinichukua miezi kushtuka kwamba kila asubuhi naona sura zilezile: wenye ndugu nje, wenye chochote cha kumpa kapita. Siku moja nikaingia mwenyewe, tochi mkononi, hadi mwisho wa chumba cha wafungwa. Kijana alikuwa ameegemea ukuta, miguu imevimba; nilipobonyeza ugoko wake kwa kidole, shimo likabaki palepale. Wenzake walisema amerogwa. Kumbe ni njaa. Hakuwa na mtu wa kumletea sufuria ya chakula, alikuwa akiishi kwa vungule ya gereza, mahindi na maharage, ikimfikia. Kwa hiyo, mdogo wangu, kila siku uliza nani ameshindwa kuamka.

Mwenye kikohozi cha wiki mbili, mchukue makohozi yapimwe bila kungoja akohoe damu. Dawa za kifua kikuu ni miezi 6, na usimwachie mkononi: kidonge gerezani ni pesa. Ameze mbele yako, kisha ainue ulimi. Halafu mwambie mapema kwamba mkojo utatoka rangi ya chungwa. Mimi nilisahau, na mzee mmoja akagoma kumeza akidai nimemtilia karuho, yaani sumu. Ilibidi wagonjwa wenzake wamwonyeshe mikojo yao.

Askari akikukatalia kumpeleka mtu hospitali, mkumbushe Kanuni za Mandela, zile za Umoja wa Mataifa za mwaka 2015: uamuzi wa matibabu ni wa mganga, mkuu wa gereza hawezi kuufuta. Nilizibandika ukutani. Hazikuleta mafuta ya gari, lakini walau tulianza kubishana kwa heshima.

Kilichoniuma zaidi ni kijana wa Kadutu, hapa hapa Bukavu, aliyeachiliwa Ijumaa jioni akiwa mwezi wa tatu wa dawa. Jumatatu nikaita jina lake, kimya. Tangu hapo, siku mtu anapoanza dawa ndiyo siku ninayomwandikia barua ya kituo cha afya cha mtaani kwake. Anaikunja, anaiweka pamoja na karatasi zake za korti, maana hizo hazipotezi.