Ripoti ya CT ikisema "pingili imevunjika" inatosha?

Swali: Dokta, mimi ni intern wodi ya mifupa. Mgonjwa wetu kaanguka toka juu, ripoti ya CT imesema tu L1 (pingili ya kwanza ya kiuno) imebonyea mbele, bosi kairudisha anataka aina ya mvunjiko na hali ya ligamenti (nyuzi zinazofunga mifupa pamoja). Kwani kuainisha jeraha si kazi ya daktari wa upasuaji?

Jibu: Ni kazi yetu wote ndugu yangu, hata sisi wa radiolojia tunaosoma picha, na bosi wako yuko sahihi kabisa. TLICS ya mwaka 2005, mfumo wa pointi tunaoutumia kwa majeraha ya mgongo wa kifua na kiuno, inahesabu vitu vitatu: umbo la jeraha, ligamenti za nyuma, na neva. Neva mnazipima nyie kitandani, ila hayo mawili mengine yanatoka kwenye picha, kwa hiyo nikiandika "imevunjika" nikaishia hapo nimekuachia hesabu nusu.

Chukua huyo huyo mgonjwa. Pingili imebonyea mbele, pointi 1, ligamenti nzima 0, neva ziko poa 0, jumla 1, hapigwi kisu. Sasa rudi kwenye picha za ubavuni, tazama nyuma kabisa ile miiba ya T12 (pingili ya mwisho ya kifua) na L1, mifupa unayoigusa ukipapasa mgongo. Kama nafasi kati yake imepanuka kuliko ya juu na ya chini yake, au vile viungo vidogo vya faseti vimeachana, nyuma pamechanika, umbo linakuwa distraksheni (mgongo umevutwa ukaachana) pointi 4, ligamenti 3, jumla 7, na kuanzia 5 ni oparesheni hata kama anachezesha miguu vizuri tu. Pingili ile ile! Mkitumia AO, mfumo mwingine wa kuainisha mivunjiko, katoka A1 (kubonyea tu) kaenda B2 (nyuma pamechanika). Na kumbuka kwenye CT kalala chali, mgongo unajirudi mahali pake, ndo maana mi pengo dogo silidharau kamwe.

Nisipokuwa na uhakika naandika "inashukiwa", hiyo ni pointi 2, naomba MRI yenye STIR, picha zinazozima mafuta ili majimaji ya jeraha yang'ae. Hapo pia taratibu, ligamenti kung'aa peke yake sio kuchanika, natafuta ule mstari mweusi wa ligamenti umekatikia wapi.

Na nyie kwenye fomu msiandike "ajali" tu, niambieni neva zikoje, nikijua mguu upi umekufa ganzi najua pa kutazama mara mbili.