Usiukodolee mpira: kusoma mashambulizi ya timu ya raga na kuyazima

Mchambuzi mgeni hutambulika upesi: macho yake hayabanduki kwenye mpira. Dakika 80 zikiisha anajua nani alifunga trai (kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa goli wa mpinzani), ila hajui mlango ulifunguliwa wapi. Mara nyingi trai hiyo ilianza kupikwa sekunde 20 kabla, upande wa pili wa uwanja, pale propu wenu (mchezaji wa mstari wa mbele) alipochelewa kuzunguka raki, yaani rundo la wachezaji wanaogombania mpira ulioko chini baada ya mtu kukabwa.

Anza na picha. Tafuta mechi tatu za karibuni za mpinzani, na mojawapo iwe waliyopigwa, kwa sababu timu inayoshinda kwa raha haionyeshi inakimbilia nini ikibanwa. Mkirekodi wenyewe, kamera ikae juu, nyuma ya milingoti ya goli kama uwanja unaruhusu, na mshika kamera asivute picha karibu. Video inayofukuzana na mpira inawaficha haohao unaowatafuta, yaani wale 14 wasio na mpira.

Mara ya kwanza tazama tu, usiandike. Mara ya pili jaza jedwali: dakika, sehemu ya uwanja, mpira ulitoka wapi (skramu, yaani kusukumana kwa mafowadi; lainauti, yaani mpira unaorushwa kutoka pembeni; au mkwaju waliorudishiwa), ni awamu ya ngapi (awamu ni mchezo kati ya raki moja na inayofuata), raki ilichukua sekunde ngapi, na wangapi waliingia kuisafisha, yaani kuwasukuma wapinzani mbali na mpira. Ishia awamu ya tatu. Kuanzia ya nne timu nyingi za klabu zinacheza kwa kubahatisha, na ukiziandika zote utabaki na karatasi ndefu isiyokuambia kitu.

Sekunde za raki zipimwe kwa namna moja siku zote: saa inaanza mbebaji anapolala chini, inasimama namba 9, anayetoa mpira kwenye raki, anapouinua mpira. Chini ya 3, mpira huo ni wa haraka na walinzi wako bado wanatafuta nafasi. Ukifika 5, ukuta umeshajipanga na mshambuliaji anagonga mwamba. Weka alama kila awamu iliyowapa mita nyingi, kisha tazama sekunde za raki iliyotangulia. Ukikuta karibu zote ni za haraka, kazi yako kubwa ni kuichelewesha raki, na mengine yanafuata.

Sasa umbo. Timu nyingi siku hizi zinapanga mafowadi wao (wachezaji wanane wa mbele) 1-3-3-1: mmoja kila ukingo wa uwanja, na podi (vikundi) mbili za watatu watatu katikati. Upana wa uwanja ni kama mita 70, kwa hiyo podi hizo zinawawezesha kusogeza mpira kutoka ukingo hadi ukingo bila fowadi yeyote kukimbia sana. Wengine hucheza 2-4-2. Usihangaike na jina la umbo. Jiulize mtu wa kati wa podi anafanya nini.

Huyo ana njia tatu: kugonga mwenyewe, kumgongeshea mwenzake wa ubavuni kwa pasi fupi, au kuurudisha mpira nyuma kwa namba 10, mwongozaji wa mashambulizi, aliyejificha mgongoni mwa podi. Simamisha video pale mpira unapotoka mikononi mwa namba 9. Mabega yakielekea mbele sawasawa na wenzake wawili wamembana, wanagonga. Kiuno kikianza kugeuka na namba 10 akiwa mita kadhaa nyuma, mikono tayari, mpira unarudi nyuma. Chukua podi 30 hivi, uhesabu kila njia ilitumika mara ngapi. Kuna timu ambazo njia ya tatu wanaitumia ndani ya nusu yenu tu, na hilo moja linatosha kubadilisha mpango mzima.

Dawa yake inaanza kwa walinzi watatu wa kwanza kando ya raki. Wawili wa ndani wanapanda kwa kasi, bega kwa bega, kuwazima podi. Wa tatu ndiye mwenye kazi nzito: apite upande wa nje wa podi hadi uso kwa uso na namba 10, bila kudanganywa na yule anayekimbia mbele yake. Kinachoharibika hapa kinajulikana. Mmoja hupanda peke yake, mstari unapinda kama kigoe, na mpira unapenya kwenye mkunjo. Sababu yake mara nyingi ni woga wa mtu wa nje, anayebaki nyuma akihofia kuzungukwa. Sauti ya kupanda itoke kwa namba 13, beki wa kati wa nje, maana ndiye anayeona pande zote mbili.

Kwenye raki, sheria ya nyumbani iwe fupi: mkabaji mmoja chini miguuni, wa pili juu ya mpira, wa tatu haingii. Wa pili naye akiona wasafishaji wawili wamefika kabla yake, aache na arudi kwenye mstari. Katika robo fainali ya Kombe la Dunia 2023, New Zealand ikiongoza 28-24, Ireland walishika mpira kwa awamu 37 mfululizo. New Zealand walibaki wamesimama kwenye mstari, wakakaba, wakainuka tena, mpaka Sam Whitelock akapata nafasi ya kuushika mpira chini na mwamuzi akawapa penalti. Uvumilivu huo haupatikani kama watu watano wamelaliana kwenye kila raki.

Usisahau mgongo wenu. Tangu ilipokuja kanuni ya 50:22, mpira uliopigwa kutoka nusu yao, ukadunda uwanjani na kutoka nje ndani ya mita 22 kutoka mstari wenu wa goli, unawapa wao lainauti. Kwa hiyo wakiwa kwao, winga mmoja ashuke amsaidie namba 15, beki wa nyuma kabisa. Na kama mnatoka Mombasa kuja kucheza Nairobi, mita 1,700 hivi juu ya bahari, mpira husafiri mbali kuliko mlivyozoea, shukeni zaidi.

Lainauti na moli (kundi linalomsukuma mbebaji wa mpira akiwa bado amesimama) vinahitaji jedwali lao, usivichanganye humu.

Wachezaji wape maagizo mawili, kwa shida sana matatu. Slaidi 40 zinamfurahisha mchambuzi peke yake. Jumanne timu ya akiba icheze umbo la mpinzani kwa mwendo wa kutembea, Alhamisi kwa kasi ya mechi, na namba 10 wa akiba aruhusiwe kuchagua mwenyewe kati ya njia zile tatu.

Siku ya mechi kaa na saa na kalamu tu. Hesabu raki zao 10 za kwanza. Zikivuka sekunde 4 nyingi, ukuta uendelee kupanda. Zikiwa chini ya 3, mpelekee kocha habari kabla ya mapumziko: mkabaji wa kwanza anakaba juu mno, na mkiendelea kupanda hivyo, mlinzi wenu wa tatu atapitwa kila mara.