Tongotongo za paka mchanga: niliyojifunza Kibokoni, Mombasa

Wewe uliyeanza juzi kuokota watoto wa paka kule sokoni Marikiti, macho ndiyo yatakayokusumbua mwanzo. Utaamka umkute mmoja kope zimegandana, udhani amepofuka. Usikimbilie dawa. Mimi nilikimbilia.

Tazama rangi kwanza. Machozi yakiwa maangavu, jicho limefunguka vizuri na mtoto anacheza, huenda ni vumbi au moshi tu. Kwetu tulikuwa tukifukiza udi kila Alhamisi jioni, na kila Alhamisi usiku paka wanachuruzika machozi. Majuma yalipita kabla sijang'amua. Lakini tongotongo za njano au za kijani, pamoja na chafya na pua iliyoziba, hayo ni mafua ya paka. Mara nyingi chanzo ni kirusi cha herpesi ya paka, ambacho hakimpati binadamu, kisha bakteria hupandia hapo hapo.

Kusafisha si kazi ngumu. Chemsha maji, yaache yawe vuguvugu, lowesha pamba uiweke juu ya jicho mpaka ukoko ulainike. Pangusa kutoka pembe ya puani kwenda nje. Kila jicho na pamba yake, na kamwe usibandue ukoko ukiwa mkavu.

Sasa kosa langu. Mama alikuwa amebakisha dawa ya matone ya macho, nami nikaona dawa ni dawa. Ndani yake mlikuwa na deksamethasoni, ambayo ni steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe. Herpesi huweza kutoboa vidonda kwenye kioo cha jicho, na steroidi huinyima sehemu hiyo kinga, kidonda kikazidi kuchimba. Siku ya nne jicho lilikuwa jeupe kama tui. Daktari wa mifugo hakuwa na la kuokoa, akaling'oa. Tangu hapo jicho likifumbwa au likiingia ukungu, nampeleka siku hiyo hiyo. Daktari hulitia rangi maalumu inayong'aa kijani penye kidonda, ndipo achague dawa.

Kichanga ambaye hajafungua macho (hufungua kati ya siku ya 7 na ya 14) akivimba kope, usisubiri hata kesho. Usaha umejifungia ndani.

Chunga na chakula. Paka asiyesikia harufu hali, hata umwekee changu. Mpashie moto kidogo, harufu ipande. Mtoto akimaliza siku nzima bila kula, huyo ni wa daktari, macho yawe vipi.

Kirusi cha herpesi hakimtoki paka. Akihamishwa nyumba au akiletewa mwenzake mgeni, machozi hurudi. Chanjo huanza wiki ya 6 hadi ya 8, ikarudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka afike wiki ya 16. Haizuii kabisa, ila ugonjwa huja mwepesi.

Na paka mgeni mtenge wiki 2, na sahani yake, nawe unawe mikono kabla hujawagusa wengine. Mimi paka wageni huwafungia ndani ya choo cha wageni. Wageni wenyewe wameshazoea.