Kwa kijana wa Malindi anayetaka kazi ya anga za juu

Tangu pete kubwa ya chuma, yenye kipenyo cha mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi, ilipoanguka kutoka angani katika kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni, tarehe 30 Desemba 2024, vijana wa hapa Malindi wamezidi kuniuliza juu ya roketi na setilaiti. Wanajua kwamba riziki yangu inatokana na kusoma picha za setilaiti, na swali lao la kwanza karibu kila mara ni lile lile: mtu asome nini ili awe mwanaanga? Nalipenda swali hilo, kwa sababu shauku ndiyo inayomvumilisha mwanafunzi mbele ya hisabati ngumu. Hata hivyo nawaambia mapema kwamba wanaanga ni wachache mno duniani, na kwamba sehemu kubwa ya kazi za sekta hii hufanywa na watu wasiotoka ardhini maisha yao yote. Ushahidi wa jambo hilo tunao karibu na nyumbani.

Ngomeni, kilomita thelathini na kitu kaskazini mwa mji wa Malindi, kuna majukwaa ya chuma yaliyosimama baharini katika Ghuba ya Ungwana. Yaliletwa na Waitaliano chini ya uongozi wa mhandisi Luigi Broglio, na tarehe 26 Aprili 1967 setilaiti ya San Marco 2 ilirushwa kutoka hapo kwa roketi ya Kimarekani aina ya Scout. Mahali hapo hapakuchaguliwa kwa bahati. Karibu na ikweta dunia huzunguka kwa kasi ya takriban kilomita 1,670 kwa saa, na roketi inayoelekea mashariki huichukua kasi hiyo bila kuilipia mafuta; tena upande huo wa mashariki ni bahari tupu, kwa hiyo vipande vinavyodondoka havimwangukii mtu. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipokuwa ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, ilirushwa hapo setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani, nayo ikaitwa Uhuru. Msimamizi wa mradi huo upande wa NASA, shirika la anga la Marekani, alikuwa mwanamke, mhandisi Marjorie Townsend, na nawaomba wazazi wenye mabinti walitie maanani hilo. Riccardo Giacconi, aliyeongoza wanasayansi wa setilaiti hiyo, alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002.

Roketi ya mwisho iliondoka Ngomeni mwaka 1988. Watu wengi wa hapa husimulia habari hiyo kana kwamba kila kitu kilikufa siku ile, na hapo ndipo ninapotofautiana nao, kwa kuwa antena za kituo cha nchi kavu zimeendelea kufanya kazi. Kwa miaka mingi setilaiti ya Swift, iliyorushwa mwaka 2004 kuchunguza milipuko ya miali ya gama, imekuwa ikiteremsha data zake kupitia Malindi. Antena kama hizo haziendeshwi na wanafizikia peke yao. Zinahitaji fundi wa umeme anayeijua jenereta, fundi wa viyoyozi, kwa maana joto na chumvi ya pwani huua mitambo upesi, mtu wa mitandao ya kompyuta, mtu wa redio, na mwendeshaji anayekesha kusubiri setilaiti ichomoze. Kijana aliyesomea umeme katika chuo cha ufundi asijione yuko nje ya mlango.

Iko pia milango iliyofungwa, na ni afadhali aijue mapema kuliko kupoteza miaka akiigonga. Kampuni za roketi za Marekani huajiri wageni kwa nadra, kwa sababu sheria ya nchi hiyo huihesabu teknolojia ya roketi pamoja na silaha. Shirika la anga la Ulaya nalo huajiri hasa raia wa nchi wanachama. Kwa upande wetu, Shirika la Anga za Juu la Kenya liliundwa mwaka 2017. Mwaka 2018 setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi iliachiliwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu. Na tarehe 15 Aprili 2023 Taifa-1 ilirushwa kutoka California. Ni mwanzo mzuri, lakini taasisi changa haina nafasi nyingi za ajira. Kinachohitajiwa kwa wingi nchini ni watu wa kuzitumia data za setilaiti katika kilimo, misitu, uvuvi, ardhi na hali ya hewa. Mimi mwenyewe niliingilia mlango huo, na ndio ninaoushauri kwanza.

Uzuri wake ni kwamba vifaa vya kujifunzia ni vya bure. Picha za setilaiti za Kimarekani za Landsat zimekuwa bure tangu mwaka 2008, za setilaiti za Ulaya za Sentinel-2 ni bure pia, programu ya QGIS ya kuchorea ramani haiuzwi, na NASA hutoa mafunzo ya mtandaoni bila malipo. Kwa hiyo anayekutoza maelfu ya shilingi kwa kozi ya wiki moja, muulize kwanza anakuuzia nini ambacho hukipati kwingine.

Anza na mahali unapopajua kwa miguu. Zoezi lililonifunza kuliko mengine yote lilikuwa ramani ya mikoko ya Ngomeni. Katika picha ya Sentinel-2 kila nukta ni mraba wa mita 10 kwa 10. Majani mabichi hurudisha kwa nguvu miale ya infraredi ambayo macho yetu hayaioni, na miale hiyo ikipewa rangi nyekundu kwenye kompyuta, msitu wa mikoko hung'aa kama kaa la moto, maji hugeuka meusi, na mabwawa ya chumvi hutokea kama vigae vilivyopangwa, yale yaliyokauka yakiwa meupe. Nilipoichapisha ramani yangu nilimpelekea mzee mmoja mvuvi. Aliitazama kwa muda, kisha akauliza: "Mwanangu, hii yote kwako ni nyekundu moja?" Maji yalipotoka alinichukua, tukatembea topeni hadi magotini, akanionyesha aina tatu za miti ya msitu huo: mikoko yenyewe ilikosimama ukingoni kwa mizizi yake ya matao, michu yenye vijiti vya mizizi vilivyochomoza matopeni, na mikandaa upande wa juu. Nilipoirudia picha na kuzilinganisha namba za kila eneo, tofauti nyingine zilionekana na nyingine hazikuonekana hata kidogo. Mchambuzi aliyeko Roma au Nairobi anayo picha ile ile uliyo nayo wewe. Topeni kule hajafika, na hapo ndipo kazi yako inapokuwa na thamani kwake.

Kama moyo wako uko kwenye mitambo zaidi kuliko ramani, jifunze redio. Setilaiti za hali ya hewa za Urusi za aina ya Meteor hutuma picha kwa masafa ya karibu megahezi 137. Kinachotakiwa ni kompyuta, kipokezi kidogo cha redio kinachochomekwa kwenye kompyuta hiyo, na vipande viwili vya waya wa shaba au alumini vyenye urefu wa sentimita 53 kila kimoja, vilivyofunguliwa kwa pembe ya nyuzi 120. Setilaiti ikipita juu ya mji unakuwa nayo kwa muda usiozidi robo saa, na mstari kwa mstari mawingu ya Bahari ya Hindi hujitokeza kwenye kioo. Mwanafunzi aliyeona hayo kwa antena ya mikono yake huielewa sura ya mawimbi katika kitabu cha fizikia kwa namna nyingine kabisa.

Kuhusu masomo sina mengi: hisabati na fizikia usiziache, jiografia usiidharau, na ujifunze kuandika programu kwa lugha ya Python. Lugha ya Kiitaliano, ambayo vijana wengi wa Malindi huisema kwa ajili ya watalii, jifunze pia kuiandika na kuisoma vizuri, kwa kuwa kituo chetu ni cha Waitaliano na vyuo vyao vimewahi kuwafundisha Wakenya.

Ukishakuwa na ramani au picha uliyoipokea mwenyewe, andika barua ya kuomba nafasi ya mafunzo kazini. Iwe ya ukurasa mmoja. Usieleze tangu lini unazipenda nyota. Eleza ulifanya nini, kwa picha ya tarehe gani, ni maeneo yapi uliyoyahakiki kwa miguu na yapi yaliyokushinda, kisha uambatishe kazi yenyewe. Peleka kwa Shirika la Anga za Juu, kwa kituo cha ramani za kikanda cha RCMRD kilichoko Nairobi tangu mwaka 1975, kwa idara za misitu na uvuvi za kaunti, na usipojibiwa ndani ya mwezi mmoja, andika tena.