Fundi Anajibu: Herufi hazizami, ninunue mashine?

SWALI: Fundi shikamoo. Nachonga majina kwenye pete na vidani vya fedha, natumia ile drili ndogo ya mkononi yenye ncha ya almasi. Wateja sasa wanataka herufi zizame kabisa, ukipitisha kidole uzisikie, na mimi nikikandamiza ncha inaruka nje ya mstari inaacha makwaruzo. Nina hela kidogo nimeweka, ninunue leza, au ile patasi ya upepo, au tatizo mkono wangu?

JIBU: Marahaba. Mkono wako hauna kosa, na hela iache kwanza. Hiyo ncha ya almasi haikati bwana, inasaga, kwa hiyo ukikandamiza inatafuta pa kukimbilia. Kuandika juu juu sawa, kuzamisha hapana.

Kuzamisha kunataka patasi ya nakshi, kale kachuma kenye ncha kali unakokasukuma kwa mkono. Nunua mbili tu, ya mraba ya kukata mfereji na bapa ya kusawazisha chini. Kwa fedha chuma cha HSS (kile kigumu cha vifaa vya kukatia) kinatosha, kabaidi, ambayo ni ngumu zaidi, inakaa na makali muda mrefu ila ukiibinua vibaya ncha inakatika. Uso wa ncha unoe nyuzi 45 hivi, ukija kuchonga chuma cha pua panda mpaka 50 na kitu. Halafu kuna kisigino, kale kasehemu kadogo chini ya ncha, nyuzi 15 mpaka 20, wengi wanakisahau halafu wanashangaa patasi inachimba kwenda chini kama jembe haitaki kutoka.

Kunoa ndo kazi yenyewe hapa. Anza na jiwe la almasi namba 600, nenda 1200 ambalo ni laini zaidi, malizia kung'arisha, kisha gusisha ncha kwenye ukucha wa dole gumba bila kukandamiza, ikishika ujue tayari, ikiteleza rudi kwenye jiwe. Hata hiyo patasi ya upepo inagonga tu kwa niaba yako, haikunolei, butu yenye kompresa itakuharibia pete haraka zaidi.

Kina kinakuja kwa kurudia mstari mara tatu nne, kila mara unatoa unyuzi mwembamba. Ila piga hesabu kidogo: patasi ya mraba inakata mfereji wa V wa nyuzi 90, ukishuka nusu milimita, juu mfereji umeshafunguka milimita nzima, herufi ndogo zitagusana. Kwa hizo tafuta nyembamba ya nyuzi 60, kina hicho hicho upana unabaki kama 0.6. Pete ya unene wa milimita 1.5 mimi sivuki theluthi.

Kazi ibane kwenye jiliwa linalozunguka, kwenye kona zungusha pete sio mkono, na vidole vya mkono mwingine visikae mbele ya ncha (nina kovu, niamini).

Leza sio mbaya, ukiwa na vidani hamsini vya jina moja itakuokoa, ila fedha inarudisha mwanga na kusambaza joto kwa hiyo inapita mara nyingi na chini panabaki na chengachenga bila ule mng'ao wa patasi. Tindikali kwa herufi ndogo siipendi, inakula na pembeni.

Na kabla ya kugusa kitu cha mteja muulize ni fedha tupu au imepakwa, maana ya kupakwa ukizama kidogo tu unatokea kwenye shaba, na atakayelaumiwa ni wewe.