Je, Serikali Inaweza Kweli Kumzuia Mtu Asitumie VPN?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni kijana ninayefanya kazi ya usanifu wa picha kwa wateja wa nje ya nchi. Mteja mmoja amenipa sharti la kufungua mafaili yake kwa kupitia VPN ya kampuni yake. Wenzangu wananionya kwamba VPN ilishapigwa marufuku na kwamba serikali inamwona kila anayeitumia. Naomba kufahamishwa kama ni kweli serikali inaweza kumzuia mtu binafsi asitumie VPN. – Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, serikali inaweza kuifanya VPN, yaani huduma inayopitisha mawasiliano yako kwa siri kwenye kompyuta nyingine, iwe ngumu kuipata, ighali na ya kutisha. Lakini kuiondoa kabisa mikononi mwa watu binafsi, huku benki na makampuni yakiendelea kuitumia, ni kazi ambayo hata dola zenye fedha na wataalamu wengi hazijaikamilisha.

Nianze na sheria, kwa sababu ndiyo inayokugusa kwanza. Kanuni za Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta kuhusu Maudhui Mtandaoni za mwaka 2020, katika kanuni ya 16(2), zinakataza kutoa, kumiliki au kusambaza teknolojia au programu inayomwezesha mtu kuyafikia maudhui yaliyokatazwa, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Tarehe 13 Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilitoa taarifa kwa umma ikiwataka watu na makampuni ambao shughuli zao zinahitaji VPN watoe taarifa zake, ikiwamo anwani ya IP (namba inayokitambulisha kifaa mtandaoni), kwa kujaza fomu kwenye tovuti yake hadi kufikia tarehe 30 ya mwezi huo. Kwa hiyo wenzako wana ukweli nusu: matumizi ya kazi yaliachiwa mlango, ila mlango huo una daftari la wanaoingia. Kwa kuwa una sababu ya kazi inayoeleweka, mwombe mteja akuandikie barua inayotaja VPN hiyo na matumizi yake, kisha uulize TCRA yenyewe kuhusu usajili. Usitegemee maneno ya kijiweni katika jambo lenye kifungo.

Sasa tuje kwenye suala la kuonwa. Unapowasha VPN, simu yako hufunga mawasiliano yako yote kama barua iliyotiwa ndani ya bahasha ya pili, na bahasha ya nje huandikwa anwani moja tu, ile ya seva, yaani kompyuta, ya VPN. Kampuni ya simu inajua kwamba umeunganishwa na seva hiyo, inajua ni saa ngapi na umetumia data kiasi gani, lakini haijui umefungua nini. Mara nyingi inaweza pia kutambua kwamba hiyo ni VPN. Chukua mfano wa WireGuard, mfumo unaotumiwa na huduma nyingi siku hizi: ujumbe wake wa kwanza wa kuomba kuunganishwa una baiti 148 kamili, na baiti ya kwanza ni namba 1 ikifuatiwa na sifuri tatu. Mtambo unaochungulia pakiti, yaani vipande vya data vinavyopita mtandaoni, unaweza kuutambua ujumbe huo na kuukata kabla mazungumzo hayajaanza, bila kuhitaji kusoma neno hata moja la siri yako. Wenzako wanaposema serikali inaona, katika hili hawajakosea sana.

Watengenezaji wa VPN nao hawakulala. Wameunda njia za kuyavisha mawasiliano hayo sura ya tovuti ya kawaida yenye kufuli, yakipita katika mlango namba 443 ambao unatumiwa na huduma za benki, barua pepe na maduka ya mtandaoni. Hapo mzuiaji hubanwa: akilegeza, VPN zinapita, akikaza, anakata na visivyohusika. Urusi ililionja hilo mwaka 2018 ilipotaka kuifungia Telegram, programu ya kutumiana ujumbe. Mamilioni ya anwani za IP, nyingi zikiwa za Amazon na Google, zilifungwa. Huduma ambazo hazikuwa na ugomvi na mtu zikaanguka, ilhali Telegram yenyewe iliendelea kutumika hadi katazo likaondolewa Juni 2020. Tangu hapo Urusi imeweka mitambo mikali zaidi kwenye njia za watoa huduma, na Julai 2024 Apple iliondoa programu kadhaa za VPN katika duka lake la nchi hiyo. Kuzipata kumekuwa kugumu kuliko zamani, lakini wanaozitumia bado wapo.

China imefika mbali kuliko wote, na inafaa kuitazama kwa makini. Haikutegemea mitambo peke yake. Makampuni yameachiwa njia rasmi za kukodi, programu za VPN ziliondolewa katika duka la Apple mwaka 2017, na wauzaji wakafikishwa mahakamani. Desemba mwaka huo mfanyabiashara mmoja wa mkoa wa Guangxi alihukumiwa kifungo cha miaka mitano na nusu na faini ya yuani 500,000 kwa kuuza huduma hiyo. Nguvu kubwa ilielekezwa kwa muuzaji, kwani kumfuata kila mnunuzi hakuwezekani. Hata hivyo wanafunzi, watafiti na wafanyabiashara wa huko bado wanavuka ukuta huo wa vizuizi vya mtandao. Kilichopatikana ni kwamba raia wa kawaida, asiye na muda wala ujuzi, amekata tamaa ya kujaribu, na kwa serikali yenye lengo la namna hiyo, hayo ni mafanikio ya kutosha.

Jirani zetu Uganda hawakuwa na ukuta wa aina hiyo. Julai 2018 walipoanza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa matumizi ya mitandao ya kijamii, watu wengi walikimbilia VPN, na agizo la kuzifungia halikuwazuia. Mwaka 2021 kodi hiyo iliachwa, ikaja ya asilimia 12 kwenye bando, ambayo VPN haiwezi kuikwepa kwa kuwa inakatwa kabla hujaingia mtandaoni. Na VPN haisaidii kitu intaneti yenyewe inapozimwa, kama ilivyotokea hapa kwetu siku ya uchaguzi, tarehe 29 Oktoba 2025.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni hiki. Katazo linalovunjwa na maelfu ya watu haliwezi kusimamiwa kwa wote. Lazima mtu achague wa kumkamata. Atakayechaguliwa huenda akawa mwandishi wa habari au mwanaharakati ambaye simu yake imepekuliwa kwa sababu nyingine kabisa, na programu iliyokutwa humo ikawa kosa jepesi la kumfungulia kesi. Kwa maoni yangu, kosa linapaswa kuwa lile ambalo mtu amelitenda, utapeli au wizi, na chombo alichopitia kisifanywe kosa kwa kuwa tu kinaficha mawasiliano. Benki inayalinda mawasiliano yake kwa njia hiyohiyo.

Neno moja kuhusu VPN za bure, maana katazo huwasukuma watu huko. Facebook iliwahi kumiliki VPN ya bure iitwayo Onavo, iliyotangazwa kuwa ya kumlinda mtumiaji huku ikikusanya taarifa za programu anazozitumia. Mwaka 2023 mahakama ya Australia iliyatoza makampuni tanzu yake mawili faini ya jumla ya dola milioni 20 za nchi hiyo kwa sababu hiyo. Tumia ile ya mteja wako, na kwa kazi yake tu.

SWALI: Mwanangu anafanya kazi Dubai. Simu za WhatsApp hazipiti, hivyo huwasha VPN ili tuzungumze. Je, anaweza kufungwa? – Mama, Tanga

JIBU: Shikamoo mama. Sheria ya makosa ya mtandao ya Umoja wa Falme za Kiarabu, nchi ilipo Dubai, ya mwaka 2021 inamlenga anayeficha anwani yake ya IP kwa nia ya kutenda kosa au kuzuia lisigundulike, na faini ni kuanzia dirhamu 500,000 hadi milioni 2, au kifungo, au vyote viwili. Makampuni na benki huruhusiwa VPN kwa shughuli zao za ndani. Tatizo la mwanao ni kwamba simu za intaneti huko zinahitaji leseni, na kupiga kwa njia isiyo na leseni kunaweza kuhesabiwa kuwa ndilo kosa lenyewe. Mwambie atumie programu iliyoruhusiwa, kwa mfano Botim. Nawe uipakue kwenye simu yako hapo Tanga, mtaonana na kuongea bila VPN.