Mashine ya kuoshea vyombo inayoacha maji chini na utando kwenye glasi: kagua kabla ya kununua pampu

Ndugu uliyeuliza, umeeleza kwamba mashine yako ya kuoshea vyombo, uliyoinunua ya mtumba, huacha maji chini kila inapomaliza kazi, kwamba glasi hutoka na utando mweupe, na kwamba fundi amekuhakikishia kuwa pampu mpya itaondoa matatizo yote mawili. Mimi si fundi. Ninaishi Mbezi, Dar es Salaam, katika nyumba inayotumia maji ya kisima, na mashine yetu huifungua na kuisafisha mwenyewe. Kwa ulivyoeleza, haya ni matatizo mawili yenye vyanzo tofauti: la kwanza ni la njia ya kutolea maji, la pili ni la maji yenyewe, na pampu inaweza isihusike na lolote kati ya hayo.

Tuanze na maji yanayobaki. Maji kidogo ndani ya shimo la chujio ni ya kawaida, kwa kuwa ndiyo yanayozuia raba za ndani zisikauke. Yakivuka shimo hilo na kutanda sakafuni mwa mashine, kuna kizuizi. Chomoa plagi ukutani, toa kapu la chini, teka maji kwa kikombe na umalizie kwa sponji, kisha zungusha chujio kinyume cha saa na ulitoe. Katika nyumba zetu chujio hubeba punje za wali, machicha ya nazi na mafuta ya pilau, na mara nyingi ule wavu mwembamba wa chini huwa umezibwa na mafuta yasiyoonekana mpaka uutazame kwenye mwanga. Lisugue kwa mswaki wa zamani na sabuni ya kawaida, kisha lisuuze vizuri ili povu lisirudi mashineni.

Chujio likiwa safi na maji bado hayatoki, ingia hatua ya pili, ambayo mafundi wengi huiruka. Ndani ya shimo lile, pembeni, mashine nyingi zina kifuniko kidogo cha plastiki kinachong'oka kwa kubenuliwa na mpini wa kijiko. Nyuma yake kuna kijifeni cha pampu ya kutolea maji. Vaa glavu kwanza, kwa sababu vipande vya glasi hupenda kujificha humo. Mimi nimewahi kukuta mwiba wa changu umelala kati ya mabawa mawili ya kijifeni, na kijiti cha meno kimeukingama kwa juu, vyote viwili vimeshikamana kwa mafuta yaliyogeuka kama nta. Kwa nje pampu ilikuwa ikivuma tu bila kusukuma tone. Zungusha kijifeni kwa kidole. Kitakwenda kwa kushtukashtuka, na watu wengi wakihisi hivyo huamini kimeharibika, ilhali ni sumaku ya mota inayokivuta. Kisichogeuka kabisa ndicho chenye tatizo.

Halafu fuata mpira wa kutolea maji hadi unapoungana na bomba la sinki. Angalia kama umekunjika nyuma ya mashine au kama maungio yamejaa mafuta. Mafuta ya nazi huganda joto linaposhuka chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo wenzetu wa Arusha na Nairobi hupambana na kizuizi hiki kuliko sisi wa Pwani. Angalia pia kama mpira umepandishwa juu, karibu na chini ya kaunta, kabla ya kushuka kwenye bomba. Ukilazwa sakafuni moja kwa moja, maji machafu ya sinki yanaweza kurudi ndani ya mashine, na utadhani mashine imeshindwa kuyatoa. Kuthibitisha ni rahisi: jaza sinki, chomoa kizibo, kisha fungua mlango wa mashine utazame kama maji yameongezeka chini.

Sasa utando mweupe. Chukua glasi moja, dondoshea siki, subiri dakika chache, kisha ifute. Mahali pa tone pakiwa angavu, utando huo ni chokaa, yaani kalsiamu na magnesiamu za maji magumu, na unatibika. Pasipobadilika, uso wa glasi wenyewe umelika kwa sabuni nyingi na joto kali, na hapo hakuna dawa. Punguza sabuni, tumia programu ya joto la chini, na glasi za wageni zioshe kwa mkono.

Ikiwa ni chokaa, chunguza kisanduku cha chumvi kilicho sakafuni mwa mashine. Wauzaji wengi wa mtumba hawakitaji, na wanunuzi wengi hawajui kipo. Chini yake kuna chembechembe za resini zinazonasa kalsiamu na magnesiamu maji yanapoingia, na chumvi ndiyo inayozisafisha ili ziendelee kunasa. Bila chumvi, resini hushiba na maji hupita na ugumu wake wote. Mara ya kwanza kisanduku hujazwa maji kisha chumvi. Baada ya hapo ni chumvi tu. Iweke muda mfupi kabla ya kuosha, kwa sababu maji ya chumvi yaliyomwagika yakilala usiku kucha hula chuma cha pua. Usitumie chumvi ya mezani, ambayo ni laini mno, imetiwa madini joto na mara nyingi ina dawa ya kuizuia isigande. Chumvi ya mawe isiyosafishwa nayo huja na mchanga, pamoja na kalsiamu ileile unayoikimbia. Tafuta chumvi safi ya chenga kubwa iliyotengenezwa kwa ajili ya mashine hizi.

Baada ya chumvi, pima ugumu wa maji kwa vikaratasi vya kupimia na uweke kipimo hicho kwenye mashine, kwa sababu haijui yenyewe unatumia maji gani isipokuwa ina kihisio. Vidonge vya sabuni vinavyodai kufanya kila kazi, hata ile ya chumvi, kwa kawaida hutosha kwa maji ambayo ugumu wake hauzidi nyuzi 21 hivi za kipimo cha Kijerumani (°dH), na visima vingi vinaweza kuzidi hapo. Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi wa Pwani: resini haiondoi chumvi iliyomo kwenye maji ya kisima. Kama maji yako yana ladha ya chumvi, kisanduku kitazuia chokaa lakini hakitazuia kutu kwenye makapu, na ni afadhali ujaze tangi kwa maji ya bomba pale yanapopatikana.

Kuhusu tangi, mashine nyingi zinataka msukumo wa bar 0.3 au 0.5 angalau. Kila mita 10 za kimo hutoa bar 1 hivi, kwa hiyo tangi lililo mita 3 juu ya mashine liko mpakani, na tope likiziba wavu ulio mwishoni mwa mpira wa kuingizia maji, mashine italalamika haipati maji. Funga koki, fungua mpira, toa wavu kwa koleo na uusafishe.

Umeme nao usipuuzwe. Mashine inayopasha maji hula takriban wati 2,000, ambazo kwa volti 230 ni karibu ampea 9. Kile kilinzi cha friji cha ampea 5 hakifai hapa, na waya wa kuunganishia wa bei rahisi unaweza kuyeyuka.

Katika matumizi ya kila siku, kwangua mabaki ya chakula lakini usioshe vyombo kabla ya kuvitia mashineni. Vimeng'enya vya sabuni, yaani viambato vinavyovunja mabaki ya chakula, vimewekwa humo kwa ajili ya uchafu huo. Sufuria za alumini zitoe kabisa, kwa sababu sabuni hii ina ukali wa alikali unaozigeuza nyeusi. Miiko ya mti, vibao vya kukatia na mbuzi ya nazi navyo vioshwe kwa mkono. Vyombo vya plastiki vilivyopata rangi ya manjano ya bizari vianike juani, mashine haiwezi rangi ile. Na kamwe usitie sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwa mkono, maana povu litatokea mlangoni na pampu haitaweza kulisukuma.

Ukikamilisha hayo na maji bado yanabaki, mwite fundi wako arudi, lakini mwombe apime pampu kwa mita mbele yako kabla hujampa fedha. Pampu ambayo koili yake imekatika haitaonyesha ukinzani wowote unaosomeka, na hiyo ndiyo ya kubadilisha.